Tumehesabu mizani kwa maharage
Jana binti yangu wa kidato cha pili kaja na homweki, atunge tarbia, lile shairi la mistari minne kila ubeti, beti mbili tu, mi nikajua dakika kumi tumemaliza kumbe tumekaa mpaka saa nne usiku, maana kila mshororo (mstari) unataka mizani 16, yaani silabi 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza) nane utao (nusu ya pili), na vina, zile silabi za mwisho zinazofanana, vikae. Tukachukua maharage tukawa tunapanga mezani, silabi moja punje moja. Kaandika "Bibi yangu wa Tandale, ubwabwa wake mtamu", akahesabu utao anapata saba, machozi yanamlenga, nikamwambia mwanangu hiyo m ya mtamu nayo ni mizani, weka punje yake. Ikatimia nane! Kampigia bibi yake simu usiku huohuo amsomee, bibi anasema rudia tena mjukuu wangu.