Trela ya Mwalimu, Nakuru

Yadi yetu ilikuwa upande wa chini wa Menengai, kwenye ule udongo wa jivu la volkano ambao mvua ikinyesha unabonyea ovyo. Mwalimu mmoja mstaafu alituletea trela ya kulala yenye ekseli mbili. Alitaka kwenda nayo Kisumu na wajukuu, na mteremko wa baada ya Kericho si wa kuendea na breki za kubahatisha. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa likinguruma.

Jirani mwenye gereji alifika na jeki ya chupa, akainama kuiweka katikati ya ekseli. Fundi wangu akamshika mkono.

"Hapo hapana, ndugu yangu. Hilo ni bomba, ndani tupu."

Akaniambia nilale nitazame. Kweli, ekseli ilikuwa imepindwa kidogo kiwandani, katikati imeinuka, ili mzigo ukiikalia magurudumu yasimame wima. Ukiisukuma kwa jeki unaiharibu, na tairi zinaanza kulika upande mmoja. Ile miguu ya pembeni nayo ni ya kuzuia trela isitikisike watu wakilala. Si ya kuinulia.

Tuliiacha trela imefungwa kwenye Land Cruiser, hendibreki juu, kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya kulia. Nati tulizilegeza zikiwa bado chini. Jeki ikakaa juu ya ubao mpana, ikainua chuma kirefu cha chesisi, karibu na ekseli. Stendi, vile vigingi vya chuma vya kushikilia mzigo, zilipoingia, nazo juu ya mbao, Fundi alishusha jeki taratibu mpaka uzito wote ukakaa juu ya stendi, kisha akairudisha iguse chuma tu. Akaisukuma trela kwa bega.

"Sasa vua, kijana."

Ndani ya drumu grisi ilikuwa nyeusi, imekauka kama lami ya zamani. Roli za beringi zilikuwa na rangi ya samawati, alama ya chuma kilichochemka. Sumaku ya breki, ile ya umeme inayoifanya breki ishike drumu, ilikuwa imelika hadi waya wa shaba ukaonekana. Gurudumu hilo halikuwa na breki ya maana, na wajukuu wangelipanda hivyo hivyo.

Tuliporudi kutoka kunywa chai tulikuta jeki imenywea, mafuta yametapakaa kwenye ubao. Trela haikuwa imesogea hata kidogo. Asubuhi nzima kichwa changu kilikuwa chini yake. Jirani aliitazama ile jeki, akatutazama, akaenda zake bila neno. Hadi leo siingii chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata mteja akinihimiza vipi.

Tulifunga beringi na sumaku mpya. Siku ya safari niliwasindikiza hadi Salgaa, kama kilomita 30, kwa sababu nati zilizotoka kufungwa huhitaji kukazwa tena baada ya mwendo mfupi. Mbili zilikubali spana kidogo. Mwalimu akaniomba spana, akazikagua zote mwenyewe, gurudumu baada ya gurudumu, kabla ya kuwaruhusu watoto wapande.