Siku moja na madereva wa Kongo

Saa 12 asubuhi. Nikifika yadi ya Kurasini, Dar es Salaam, malori ya Kongo yameshapanga mstari, yamebeba salfa ya migodi ya shaba. Mimi ni nesi wa kampuni ya usafirishaji. Ofisi yangu ilikuwa stoo ya matairi. Sasa ina kitanda kimoja, mashine ya presha, friji ndogo na boksi la vipimo vya haraka vya malaria. Kutoka hapa hadi Lubumbashi ni karibu kilomita 2,000, upite mpaka wa Tunduma, uikate Zambia, uvuke mpaka wa Kasumbalesa. Dereva akiumwa huko katikati siwezi kumfuata, hivyo mengi nayamaliza kabla hajawasha gari.

Saa 1 na robo. Mzee mmoja, dereva wa siku nyingi, anakunja shati. Presha 178 kwa 112, iko juu. Nampumzisha, napima mkono wa pili: 174 kwa 110.

"Mzee, dawa unakunywa?"

"Nakunywa, mwanangu."

"Ya mwisho lini?"

Anautazama mlango kama umefungwa. "Zile za kukojoakojoa niliziacha. Foleni ya Tunduma utashuka mara ngapi?"

Ana haki. Kidonge kinachompeleka mtu chooni kila mara hakimfai aliyekwama kwenye foleni na mzigo wa watu. Nampigia daktari wetu, anambadilishia amlodipini. Leo haendi, atapimwa tena kabla ya kupangiwa gari.

Zamani asingesema. Mshahara wa dereva ni mdogo, posho ya safari ndiyo inayolipa ada za watoto, kwa hiyo ukimzuia umempiga mfukoni. Watu walianza kuniambia ukweli uongozi ulipokubali kwamba anayezuiwa kwa sababu ya afya alipwe nusu ya posho na asipoteze zamu yake. Uongozi, mkitaka kuninunulia mashine ya kisasa, asanteni, ila kanuni hiyo msiiguse.

Saa 3. Kadi za njano. Kijana mpya kachanjwa homa ya manjano juzi, na cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Kongo hawaingizi mtu bila kadi hiyo, kwa hiyo anasubiri. Mwenzake ana hofu kwamba yake ya 2013 imeisha. Haijaisha: tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata kama ilichapwa miaka 10.

Saa 4. Ofisa usafirishaji anaingia bila hodi.

"Dada nesi, yule uliyemzuia ana nini?"

"Hayuko tayari kwa safari hii."

"Hilo nimeliona. Ana nini?"

"Hayuko tayari, kaka."

Anaondoka akinung'unika. Orodha ninayompa ina jina, na kando yake "anaenda" au "haendi", basi. Wapo madereva wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na hao nahakikisha tu kwamba wamechukua dozi ya kutosha, maana safari ya wiki tatu huweza kuvuka mwezi mpakani. Siku jambo la mmoja wao likijulikana yadini, hata wa presha hatanikunjia shati.

Saa 6 mchana. Mifuko ya safari: vidonge vya kutibu maji, ORS (unga wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha), kondomu, dawa za mwenye dawa, na karatasi ya Kifaransa yenye majina ya dawa hizo, kwa sababu zahanati nyingi za kule huandika kwa Kifaransa. Chandarua ndicho kinachonitoa jasho. Madereva hulala ndani ya kabini na vioo wameshusha kwa joto, na chandarua cha kitanda hakikai. Fundi cherehani wa jirani ametushonea chembamba chenye vitanzi vinne: viwili vinashikwa na ndoano za nyuma ya kiti, viwili kwenye vizuia jua. Napanda kabini na kijana mpya, nakifunga, nakifungua, halafu namwachia afunge mwenyewe. Anafunga kichwa chini miguu juu. Tunarudia.

Saa 8. Dada wa hesabu anaruka kesho kwenda Lubumbashi. Anachoma insulini. Namwambia aibebe mkononi, asiitie kwenye begi la kupakiwa, huko inaweza kuganda ikaharibika.

Saa 10. Dereva aliyerudi kutoka Kolwezi, Kongo, ana homa, kichwa kinamgonga, na amekuwa akimeza Panadol tu. Tone la damu, dakika 15, mistari miwili. Malaria. Dawa mseto: vidonge vinne sasa hivi na maziwa, vinne baada ya masaa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Hata hivyo namvua shati nimkague ngozi. Machi 2025 Wizara ya Afya ilipotangaza wagonjwa wawili wa mpox, ugonjwa wa vipele unaoambukiza, mmoja alikuwa dereva wa lori aliyetoka nchi jirani. Tangu hapo sikubali kipimo kimoja kinifumbe macho. Hana vipele. Namwambia homa yoyote ndani ya miezi mitatu ijayo aje hapa kwanza, asipitie duka la dawa.

Saa 12 jioni. Simu, Kasumbalesa.

"Dada, naharisha tangu asubuhi."

"Mara ngapi? Kama maji ya mchele, ya kipindupindu?"

"Mara sita. Hapana, ya kawaida. Ila nimechoka."

"ORS unayo?"

"Imebaki moja. Nyingine niliwapa wenzangu foleni."

Pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyotibiwa, anywe kidogo kidogo, na usiku huu huu aende zahanati; wakala wetu wa kule atalipa. Wakala nampigia mwenyewe, maana dereva atasema anajisikia vizuri. Kesho nitaomba pakiti kumi kwa kila gari badala ya tano. Mhasibu atauliza mtu mmoja anaharaje kiasi hicho, nami nitamwambia tunahudumia foleni nzima.