Machaguo ya Wenzangu Ndiyo Yaliyonipa Ubingwa

Kila niliyemwuliza namna ya kuinusuru timu niliyorithi alinipa jibu lile lile: uza machaguo yako ya drafti, yaani zamu zako za kuchagua wachezaji wapya, nunua wachezaji wenye majina, ushinde sasa. Nilifanya kinyume cha ushauri huo, na kombe la ligi, ambalo ni la plastiki na lina ufa kwenye mkono mmoja, limekaa juu ya friji yangu ambapo kila mgeni hulazimika kuliona.

Nazungumzia ligi yetu ya fantasi, yaani ya timu za kubuni zenye wachezaji halisi, ya kandanda ya Kimarekani hapa Dallas, yenye timu 12, na wanaozimiliki wengi wao ni wafanyakazi wenzangu wa maabara na wauguzi. Ni ligi ya kudumu, yaani mchezaji wa NFL (ligi kuu ya kandanda hiyo) uliyenaye unabaki naye mwaka hadi mwaka mpaka umuuze au astaafu, na pointi zako hutokana na anachokifanya uwanjani kweli. NFL yenyewe huwagawa vijana wanaotoka vyuoni kwa raundi saba kila mwezi wa Aprili, timu 32 zikipokezana, iliyofanya vibaya zaidi ikitangulia. Sisi hufuata mwezi wa Mei kwa raundi nne na kwa utaratibu huo huo. Niliingia mwaka 2021 kuichukua timu ya mwenzetu aliyehamia jimbo jingine. Ilikuwa imeshika mkia, na chaguo lake la kwanza la mwaka ule lilikuwa limeshauzwa kabla sijafika.

Mshauri wangu mkuu, na hapa nasema mshauri kwa heshima tu, alikuwa mzee mmoja kutoka Mombasa ambaye ameishi Texas tangu miaka ya 90 na ambaye sisi sote humwita Ami. Naye yumo katika ligi. Nilipomweleza kwamba nataka kukusanya machaguo ya miaka ya mbele, aliniangalia kwa huruma akasema, "Mwanangu, chaguo halikimbii na mpira." Maneno hayo yalirudiwa na kila mtu kwa muda mrefu, na hata waliokuwa hawajui Kiswahili walijifunza kuyatamka.

Kilichonishangaza ni kwamba Ami huyo huyo ndiye aliyenisimulia habari ya Herschel Walker. Mwezi wa Oktoba 1989, Cowboys, timu ya NFL ya hapa Dallas, wakiwa wanapoteza wiki baada ya wiki chini ya kocha mpya Jimmy Johnson, walimuuza Walker, mkimbiaji wao bora, kwa Minnesota Vikings. Vikings waliamini kwamba wamepungukiwa na mtu mmoja tu ili watwae taji, hivyo walitoa rundo la wachezaji, na wengi wa wachezaji hao walikuja wakiwa wamefungamanishwa na chaguo la drafti: Dallas wakimwacha mchezaji fulani kabla ya tarehe iliyowekwa, wanapata chaguo linalomhusu. Vikings walidhani Johnson atawabakiza wachezaji, ilhali yeye tangu mwanzo alikuwa akiyataka machaguo. Cowboys walimaliza msimu ule wakiwa wameshinda mchezo mmoja na kupoteza 15. Machaguo yaliyotokana na biashara ile ndiyo yaliyosaidia kuwaleta Emmitt Smith mwaka 1990 na Darren Woodson mwaka 1992, na misimu ya 1992, 1993 na 1995 ikaisha kwa ubingwa wa Super Bowl, fainali ya NFL. Ami alinisimulia hayo kama sifa za timu yake. Mimi niliyapokea kama maelekezo ya kazi.

Nilichojifunza kwa Johnson si kuuza tu, bali ni nani wa kumuuzia. Chaguo la mwaka ujao halina bei ya kudumu: likiwa la timu itakayofanya vizuri litaangukia mwisho wa raundi, na likiwa la timu itakayoporomoka litakuwa dhahabu. Mwenye timu ndiye mtu wa mwisho kujua kwamba ataporomoka, hasa akiwa anaongoza ligi wakati huo. Kwa hiyo nilitengeneza jedwali dogo la umri wa wachezaji wa kutegemewa wa kila timu, nikalipanga kuanzia iliyozeeka zaidi. Timu ya Ami ilikaa juu kabisa, na katika msimamo wa ligi pia ilikuwa juu kabisa. Sikumwonyesha mtu yeyote jedwali hilo.

Mali pekee ya maana niliyoikuta katika timu ile ilikuwa Derrick Henry wa Tennessee Titans. Msimu wa 2020 alikuwa amekimbia yadi 2,027, jambo ambalo wakimbiaji wachache mno wamewahi kulifanya, lakini alikuwa amekabidhiwa mpira mara 378 ili azipate, na umri wake ulikuwa miaka 27. Kazi ya mkimbiaji ni kugongwa, na magoti hayasomi takwimu za mwaka uliopita. Niliamua kumuuza, ila si siku yoyote. Watu wawili walishaniletea mapendekezo mazuri mwezi wa Septemba, mmoja akiongeza mpokeaji (mdakaji wa pasi) kijana, nikawakatalia kwa kuwa timu zao zilikuwa changa na machaguo yao yangekuwa ya mwisho mwisho. Nilikuwa nikimsubiri Ami.

Jumatatu ya tarehe 18 Oktoba 2021, Titans walicheza na Buffalo Bills usiku, mchezo unaotazamwa na nchi nzima. Henry alivuka mstari wa goli na mpira, yaani alifunga, mara tatu, na mojawapo ilikuwa mbio ya yadi 76 ambayo mabeki wote walibaki wakitazama mgongo wake. Simu yangu ikaita mchezo ukiwa bado haujaisha.

"Mwanangu, wataka nini kwa Henry?"

"Shikamoo, Ami. Mimi sina haraka naye."

"Marahaba. Nakupa chaguo langu la kwanza la mwakani."

Nilinyamaza makusudi. Nyuma ya sauti yake nilisikia mtangazaji akiirudia ile mbio. Kisha nikamwambia aniongezee na la 2023.

"La 2023 walitakia nini? Mimi nitakuwa bingwa, litakuwa la mwisho kabisa."

"Basi Ami, kama litakuwa la mwisho, halikugharimu kitu."

Alicheka, akakubali, na kabla ya usiku wa manane biashara ilikuwa imeandikwa. Wenzangu waliniandikia ujumbe wa pole asubuhi, mmoja akinishauri niombe biashara ifutwe kwa kuwa nimedhulumiwa na mzee. Tarehe 31 Oktoba, katika mchezo dhidi ya Indianapolis Colts, Henry alivunjika mfupa wa mguu, akafanyiwa upasuaji, na hakuonekana tena mpaka msimu wa kawaida ulipokwisha. Timu ya Ami iliporomoka kwa mfululizo na chaguo lake likawa la tatu kati ya 12.

Najua watakaosema ilikuwa bahati. Mfupa sikuuvunja mimi, na haki lazima itajwe: Henry huyo huyo, akiwa na miaka 30, alikimbia yadi 1,921 kwa Baltimore Ravens msimu wa 2024, na Ami alinitumia takwimu hizo kila wiki bila salamu. Hata hivyo jedwali langu halikuhitaji Henry avunjike. Wachezaji wengine wa Ami walikuwa wanazeeka kwa pamoja, na mwaka uliofuata, hata bila ajali yoyote kubwa, chaguo lake la 2023 lilitua nafasi ya pili.

Mei 2022, nikiwa na chaguo la tatu, ushauri ulianza tena: chukua mkimbiaji. Breece Hall alikuwa wa kwanza katika orodha ya kila mtu, na aliyemfuata kwa wakimbiaji alikuwa Kenneth Walker. Mwenye chaguo la sita alimtaka Walker kwa namna ambayo hakuweza kuificha, naye kila baada ya muda mfupi aliuliza kama nimeamua. Nilimpa nafasi yangu, nikachukua ya sita pamoja na chaguo lake la raundi ya pili la 2023. Tulipokuwa tunakaribia kuafikiana nilidai bakshishi, kama afanyavyo mnunuzi wa nyanya anapoona fungu limeshafungwa, naye akaniongezea chaguo la raundi ya nne ambalo wengi huwa hawakumbuki hata kulitumia. Kwenye nafasi ya sita nilimpata Garrett Wilson, mpokeaji ambaye New York Jets walimchukua wa 10, na ambaye alimaliza mwaka wake wa kwanza na yadi 1,103 na tuzo ya mchezaji chipukizi bora wa safu ya ushambuliaji.

Ikumbukwe kwamba kurudi nyuma hakufai siku zote. Mimi hurudi tu pale ninapoona kundi la wachezaji wanaokaribiana thamani, ili yeyote atakayebaki nimpokee kwa furaha. Kupanda juu ndiko ninakokuogopa. San Francisco 49ers walitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza ili wapande kutoka nafasi ya 12 hadi ya tatu mwaka 2021, wakamchukua kwotabeki (mrushaji mkuu wa pasi) Trey Lance, na miaka miwili baadaye walimwachia aje hapa Dallas kwa chaguo moja la raundi ya nne. Aliyewafikisha Super Bowl mwishoni mwa msimu wa 2023 ni Brock Purdy, mtu wa 262 na wa mwisho kabisa kuitwa katika drafti nzima ya 2022. Mimi nilimpata Purdy bure. Tarehe 4 Desemba 2022 Jimmy Garoppolo, kwotabeki wa 49ers, alipoumia mguu, nilimwandikisha Purdy kabla ya mchezo kwisha, huku wenzangu wakitafuta jina lake linavyoandikwa.

Kuhusu kwotabeki nina ubishi wa kudumu na nusu ya ligi. Katika ligi inayoruhusu kuchezesha mmoja tu, kumchukua kwa chaguo la juu ni kutupa mali, kwa sababu tofauti ya pointi kati ya aliye wa nne na aliye wa kumi ni ndogo. Wasiokubali waendelee kutokubali.

Drafti ya 2023 ndiyo iliyomaliza kazi. Chaguo la pili, lile ambalo Ami alidhani litakuwa la mwisho, lilinipa Jahmyr Gibbs. Detroit Lions walikuwa wamelaumiwa sana kwa kumchukua mkimbiaji katika nafasi ya 12, lakini mimi huwa naisoma tofauti: timu ikilipia kitu ghali itakitumia, hata kwa ukaidi tu. Chaguo la raundi ya pili nililopewa kwa ajili ya Walker lilinipa Sam LaPorta, wa Lions pia, ambaye alipokea pasi 86, idadi ambayo hakuna tait endi (mchezaji anayezuia na pia kupokea pasi) wa mwaka wa kwanza aliyekuwa ameifikia kabla yake. Katika ligi yetu kila pasi inayopokelewa ni pointi moja.

Ikabaki ile bakshishi. Raundi ya nne ilipofika nusu ya watu walikuwa wameshaondoka, saa inahesabu, na mimi nikiwa na majina matatu kwenye karatasi. Nilimchagua Puka Nacua, ambaye Los Angeles Rams walimwita katika raundi ya tano, akiwa wa 177. Nisijifanye nabii, niliangalia jambo moja tu, nalo ni kwamba Rams walikuwa wamekaa tangu 2017 bila kuchagua mtu yeyote katika raundi ya kwanza, kikosi chao kilikuwa chembamba, na mpokeaji wao mkuu Cooper Kupp alikuwa ameumia msimu uliotangulia. Mahali penye pengo hata mgeni hupewa kazi. Kupp alikosa michezo minne ya mwanzo, na katika mchezo wa pili Nacua alipokea pasi 15. Alimaliza na pasi 105 na yadi 1,486, zote mbili zikiwa rekodi za wakati huo za wachezaji wa mwaka wa kwanza.

Nusu fainali yetu iliangukia wiki ya Krismasi. Alhamisi Nacua alipata yadi 164 dhidi ya New Orleans Saints. Jumapili Gibbs alivuka mstari mara mbili dhidi ya Vikings, na nikawa nimeshaanza kupanga hotuba. Usiku wa Krismasi Purdy, mtu wangu wa bure, aliwarushia Ravens mpira mara nne mikononi mwao, na kwetu kila kosa la namna hiyo hukata pointi mbili. Pilau ilipoa mbele yangu nikiziangalia pointi zikirudi nyuma. Nilivuka kwa pengo dogo mno, ambalo mpinzani wangu, muuguzi wa zamu ya usiku, hulitaja mpaka leo. Fainali ilikuwa nyepesi na haina la kusimulia.

Kiingilio chetu ni dola mia na ushee, na zawadi yote iliishia kwenye mbuzi, mkaa na soda za watu waliokuwa wameniambia nimedhulumiwa.

Baada ya hapo kila mtu alianza kukusanya machaguo, bei zikapanda mpaka zikawa za kichaa, kwa hiyo Aprili 2024 nikageuka muuzaji. Chaguo la juu nililokuwa nalo nililiuza kabla NFL haijaanza kuita majina, wakati wote wakimwota kijana wa chuo Marvin Harrison Jr., nikachukua wapokeaji wawili walioshathibitika. Ami sasa hukata simu nikimtajia chaguo la mwaka wa mbele. Hufanya nami biashara ya wachezaji tu, na hata hapo hudai kwanza nimsomee tarehe zao za kuzaliwa, moja baada ya nyingine, kwa sauti.