Kunyoa Kichwa Kabla Upara Haujamaliza Kazi Yake

Kati ya mambo yote ambayo mwanaume anaweza kuyafanya nywele zake zinapoanza kupukutika, kunyoa kichwa chote ndilo jepesi zaidi kulibatilisha, na bado ndilo linaloogopwa kuliko mengine yote. Nywele zilizonyolewa huota tena kwa kiasi cha sentimita 1 hivi kwa mwezi, kwa hiyo mtu asiyependezwa na anachokiona kwenye kioo atarudi pale alipokuwa baada ya miezi michache, akiwa na nywele zilezile chache alizokuwa nazo. Nilinyoa baada ya kulifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na hapa naeleza jinsi nilivyofikia uamuzi huo, kwa kuwa nadhani hesabu yenyewe inaweza kumfaa mwenzangu aliye katika hali kama yangu, hata kama mwishowe atachagua njia nyingine.

Upara wangu ulianzia kwenye panja, ukasogea nyuma taratibu pande zote mbili za paji la uso, na wakati mimi nimeshughulika na huko mbele, utosini nako pakawa panafunguka. Kioo humwonyesha mtu uso wake, na utosi wake huachiwa wale wanaosimama nyuma yake. Nadhani ndiyo sababu wengi wetu hupata habari za upara wao kutoka kwenye picha iliyopigwa na mtu mwingine, chini ya taa kali. Tangu nilipoiona picha ya namna hiyo nikawa mtaalamu wa taa. Nilijua kiti kipi katika chumba cha mikutano kiko chini ya taa na kipi kiko gizani kidogo, na katika picha za pamoja nilijitahidi kusimama safu ya nyuma kabisa, jambo ambalo kwa mtu mfupi kama mimi lilimaanisha kutoonekana kabisa.

Inafaa kueleza kinachotokea ndani ya ngozi, kwa sababu uamuzi wote unategemea hapo. Upara wa namna hii, ambao ndio wa wanaume walio wengi, hutokana na urithi pamoja na homoni. Mwili hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa homoni nyingine iitwayo dihidrotestosteroni, na kwa mtu aliyerithi udhaifu huo, homoni hiyo hukisinyaza kile kifuko kidogo cha ndani ya ngozi ambamo unywele huota. Kila mzunguko wa ukuaji huwa mfupi kuliko uliotangulia, na kila unywele mpya hutoka mwembamba zaidi, hadi kinachoota kinakuwa malaika tu, yaani vinyweleo laini visivyoonekana kirahisi. Nywele za pembeni na za kisogoni hazisumbuliwi sana na homoni hiyo, na ndiyo maana hata mwenye upara mkubwa hubaki na ukanda wa nywele kutoka sikio hadi sikio. Mwanasayansi wa Marekani James Hamilton alionyesha mwaka 1942 kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya balehe hawakuota upara, na mwaka 1951 akachapisha utaratibu wa kuzipanga hatua zake. Daktari O'Tar Norwood aliurekebisha mwaka 1975, na hadi leo madaktari hutumia ngazi hizo 7. Mimi nilikuwa katikati ya ngazi. Ile simulizi kwamba upara hurithiwa kwa upande wa mama ni ya kweli kwa sehemu tu: jeni moja muhimu imo katika kromosomu ya X, ambayo mwanaume huipata kwa mama yake, lakini zipo jeni nyingine nyingi, na baba naye huchangia zake.

Nitaje haraka kwamba si kila upotevu wa nywele ni huu. Mabaka ya duara yanayotokea ghafla, ngozi inayowasha au kutoa magamba, na nywele zinazonyonyoka kwa wingi baada ya ugonjwa au dawa fulani ni mambo ya kupelekwa kwa daktari kwanza, maana wembe utaficha dalili ambazo angezihitaji.

Kuficha upara ni shughuli ya zamani sana. Mwandishi wa Roma, Suetonius, anasimulia kwamba Julius Caesar alizoea kuzichana nywele zake chache kutoka utosini kuja mbele, na kwamba katika heshima zote alizopewa hakuna aliyoifurahia kama haki ya kuvaa taji lake la majani wakati wowote. Mwaka 1977 huko Marekani, Frank Smith na mwanawe Donald walipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, kwa njia ya kugawa nywele za pembeni katika mafungu 3 na kulaza fungu moja juu ya jingine ili zifunike upara. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, kisha nikakumbuka mimi mwenyewe nilivyokuwa nikijishughulisha asubuhi, isipokuwa sikuwa na hataza. Watu hugundua, na kwa heshima hunyamaza. Kilichonichosha ni kazi yenyewe: kuukwepa upepo, kuchagua kiti, kujifuta mvua kwa uangalifu, kuinamisha kichwa kwa pembe fulani tu mtu anapoongea nami akiwa amesimama. Siku nzima sehemu fulani ya akili hubaki kichwani, kwa maana halisi kabisa.

Kabla ya wembe nilikwenda kwa daktari wa ngozi, na ningemshauri kila mtu aanzie hapo, hata yule ambaye moyoni ameshaamua kunyoa. Minoksidili ilianza kama dawa ya shinikizo la damu, ikaonekana kuwaotesha nywele waliokuwa wakiimeza, na mwaka 1988 ikaidhinishwa Marekani kuwa dawa ya kupaka kichwani. Finasteridi, kidonge kinachopunguza utengenezaji wa ile dihidrotestosteroni, iliidhinishwa huko kwa ajili ya upara mwaka 1997. Dawa hizi zimewasaidia wengi, na anayesema kuwa zote ni ulaghai anakosea. Hata hivyo, zinalinda kilichopo vizuri zaidi kuliko zinavyorudisha kilichokwisha kwenda, na faida yake hudumu kadiri mtumiaji anavyoendelea kuzitumia. Akiacha, upara huendelea na safari yake. Finasteridi huwaletea baadhi ya watumiaji, ingawa ni wachache, kupungua kwa hamu au nguvu za tendo la ndoa, na hilo ni la kuzungumzwa waziwazi na daktari.

Katika mazungumzo hayo ndipo nilipoiona hesabu ninayoitaka isomwe. Anayetaka kuzihifadhi nywele zake ana muda, na muda huo unapungua kila mwaka, kwa sababu kifuko kilichokwisha kusinyaa kabisa hakifufuliwi na dawa ya kupaka wala ya kumeza. Anayetaka kunyoa ana muda wote aupendao, kwa kuwa wembe utakuwepo kesho na mwaka kesho. Wanaume wengi hufanya kinyume: miaka wanayoitumia kuuogopa wembe ndiyo miaka hiyohiyo wanayokosa kumwona daktari, na siku wanapokata shauri, njia ya dawa imeshakuwa finyu wakati ile ya wembe iko palepale. Kwa hiyo swali la kulijibu mapema ni kama unataka matibabu, na kama jibu ni ndiyo, kunyoa kunaweza kungoja. Mimi nilijibu hapana. Sikutaka kumeza kidonge kila siku kwa miongo ijayo kwa ajili ya kitu kisichoniuma, na umri wangu ulikuwa umeshanipunguzia hamu ya kupigana. Kijana wa miaka 22 anaweza kujibu ndiyo akiwa na sababu nzuri, na sioni kwa nini mtu yeyote amwite mwenye majivuno.

Upandikizaji wa nywele niliufikiria pia, kidogo. Msingi wake ni kwamba nywele za kisogoni zikihamishiwa mbele huendelea na tabia yake ya kutosinyaa, jambo ambalo daktari wa ngozi Norman Orentreich alilionyesha huko New York katika miaka ya 1950. Lakini akiba ya kisogoni ina mwisho, na upara hausimami kwa sababu umepandikiza. Nywele za asili zilizo nyuma ya zile zilizopandwa zinaweza kuondoka na kukuachia kisiwa. Lipo jambo jingine ambalo sikulisikia likizungumzwa sana na wanaotangaza huduma hiyo: upasuaji wa kukata ukanda wa ngozi huacha kovu la mstari kisogoni, na ule wa kutoa kifuko kimojakimoja huacha nukta nyingi ndogo. Chini ya nywele ndefu hayo hayaonekani, lakini mtu akija kubadili mawazo na kutaka kunyoa kichwa chote, yataonekana. Njia pekee ambayo haigharimu chochote kuijaribu inaweza kuharibiwa na ile ya gharama kubwa kuliko zote, na ndiyo sababu naona kunyoa kwa majaribio kungefaa kutangulia upasuaji, hata kwa mtu mwenye uhakika kwamba hatakupenda.

Sikuruka moja kwa moja hadi kwenye wembe. Nilianza na mashine iliyofungwa kitana kirefu, nikashuka hadi kifupi, nikikaa na kila urefu hadi macho yazoee. Nywele zikiwa fupi, tofauti kati ya pembeni palipojaa na utosini palipoachana hupungua sana, na wapo watu ambao hawahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo. Kichwa kilichopitishwa mashine bila kitana kinapendeza na hakidai uangalizi mkubwa. Mimi niliendelea kwa sababu ukanda wa pembeni ulikuwa mweusi mno na juu palikuwa peupe, na mpaka huo ulionekana hata kwa nywele za milimita chache. Siku ya wembe niligundua kovu la utotoni ambalo nilikuwa nimelisahau, nundu mbili ambazo hakuna aliyewahi kuniambia habari zake, na ngozi yenye rangi tofauti na ya usoni, kwa kuwa ilikuwa haijapigwa na jua kwa miaka mingi. Rangi ilijisawazisha baada ya muda. Nundu zipo, na sasa nazifahamu vizuri. Nilichokuwa sikukitarajia ni baridi, maana hata nywele chache kumbe zilikuwa zikifanya kazi.

Wengi humshauri mnyoaji aache ndevu ili uso upate uzito upande wa chini, na ushauri huo naukubali, ingawa ni suala la ladha. Kuna kinaya ndani yake: homoni ileile inayozisinyaza nywele za utosini ndiyo inayozikuza ndevu. Na wale wanaodai kwamba wembe hufanya nywele ziote nene zaidi wangekuwa wametupatia tiba, laiti ingekuwa kweli. Mwanasayansi Mildred Trotter alilichunguza dai hilo na kulikanusha mwaka 1928, na bado linaishi.

Mama yangu aliponiona aliuliza, “Mwanangu, unaumwa?” Nilimweleza, akauweka mkono wake juu ya kichwa changu, akasema kimefanana na cha babu yangu, na mazungumzo yakaishia hapo. Kazini walitazama, wakatoa mzaha wao, wakachoka. Mke wangu alikuwa amenishauri jambo hili zamani, hivyo alijizuia kusema lolote kwa ustadi mkubwa. Mwaka 2012 Albert Mannes, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba watu wakionyeshwa picha za mwanaume mmoja, moja akiwa na nywele na nyingine zikiwa zimefutwa kwa kompyuta, humwona asiye na nywele kuwa mwenye mamlaka zaidi, mrefu zaidi na mwenye nguvu zaidi. Urefu huo ningeupokea kwa shukrani, ila mpaka sasa hakuna aliyeniambia kwamba nimerefuka, na singemshauri mtu anyoe kwa kutegemea sifa hizo.

Kuhusu utunzaji, ngozi ya kichwa huhitaji kulainishwa kwa maji ya moto kabla ya wembe, na kunyoa kufuate uelekeo wa nywele badala ya kuupinga. Wenye nywele za kipilipili wana sababu ya ziada ya kuzingatia hilo, kwa kuwa unywele wa kujisokota ukikatwa chini sana hujipinda na kurudi ndani ya ngozi, ukaleta vipele vya wembe, hasa kisogoni. Vikizidi vinaweza kuacha makovu magumu, na mwenye tatizo hilo ni heri abaki na mashine. Jua nalo halina mzaha, kwani utosi ndio unaolipokea moja kwa moja mchana kutwa, na saratani ya ngozi huwapata wenye upara hapo juu, zaidi wale wenye ngozi nyeupe. Napaka mafuta ya kukinga jua au navaa kofia, na mtu mwingine hunitazamia madoa katika sehemu ambazo siwezi kuziona.

Hunyoa kila baada ya siku 2 au 3, usiku, baada ya kuoga, kwa kuwa asubuhi mkono huwa na haraka na kisogo hakisamehe. Nikiacha wiki nzima ipite, kama wakati wa likizo, mpaka wa zamani hujichora upya pembeni, na mara ya mwisho nilipouacha ujichore ulikuwa umeshuka tena kidogo kuelekea masikioni. Mke wangu aliupima kwa kidole, akasema umesogea, na tukaendelea na mambo mengine.