Siku Moja Maishani Mwangu: Mwanasaikolojia Katika Kliniki ya Maradhi Sugu

Mimi ni mwanasaikolojia wa tiba. Chumba changu kiko ndani ya kliniki ya watu wenye shinikizo la juu la damu, kisukari, maumivu ya mgongo ya miaka mingi na matatizo ya tumbo ambayo vipimo havijayapatia chanzo. Wengi hawakuja kunitafuta mimi. Wameelekezwa na daktari aliyeona kwamba dawa zinamezwa ipasavyo lakini hali haitulii, na kwamba mgonjwa alipoulizwa analalaje, alinyamaza kwa muda kabla ya kujibu. Habari za wagonjwa ninazozisimulia hapa nimezichanganya na kuzibadilisha ili asitambulike yeyote.

Saa 1:30 asubuhi

Kabla mlango haujafunguliwa kwa wagonjwa, husoma majalada. Katika kila jalada kuna kurasa mbili ambazo huziweka bega kwa bega: dodoso la dalili za kiwewe (jeraha la nafsi linaloachwa na tukio la kutisha), yaani jinamizi, kushtuka ovyo, kukwepa mahali au watu fulani, na jedwali la vipimo vya mwili, likiwa na shinikizo la damu, sukari, uzito na saa za usingizi. Wapo wanataaluma wenzangu wanaoridhika na ukurasa wa kwanza. Kwangu mimi, tiba ambayo imepunguza machozi lakini imemwacha mtu akipata usingizi wa muda wa saa tatu tu kila usiku haijamaliza kazi yake.

Uhusiano wa kurasa hizi mbili haukubuniwa na wanasaikolojia. Katika miaka ya 1980, daktari Vincent Felitti aliendesha mpango wa kupunguza unene huko San Diego, akashangaa kuona baadhi ya watu wakiuacha mpango ilhali uzito wao ulikuwa ukipungua vizuri. Alipowahoji, alikuta wengi wao walidhulumiwa utotoni. Mwaka 1998 yeye, Robert Anda na wenzao walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wazima waliopitia aina 4 au zaidi za madhila ya utotoni walikuwa na maradhi ya moyo na kiharusi kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya wale ambao hawakupitia aina yoyote. Namba hizo zinahusu makundi ya watu. Hazimwambii mgonjwa aliyeketi mbele yangu kwamba ataugua, na sipendi zinavyotumiwa siku hizi kumhesabia mtu madhila yake na kumpa alama kana kwamba ni hukumu.

Saa 2:00

Kikao cha madaktari na wauguzi. Leo daktari mmoja kijana ameuliza swali ninalolipenda: tutajuaje kwamba ni kiwewe kinachoharibu moyo, wala si malezi, umaskini au damu ya ukoo? Nilimjibu kwa utafiti wa Viola Vaccarino na wenzake wa mwaka 2013, uliofuatilia wanaume mapacha wa Marekani waliokuwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Waliokuwa na msongo wa baada ya kiwewe walipata maradhi ya mishipa ya moyo kwa zaidi ya mara mbili ya wasiokuwa nao, na tofauti ilibaki hata pacha mmoja alipolinganishwa na ndugu yake, ingawa wote wawili walilelewa nyumba moja.

Hata hivyo, ni mimi niliyesisitiza kwamba mgonjwa mpya mwenye maumivu ya kifua asiletwe kwangu mpaka moyo wake upimwe. Kiwewe si kapu la kutupia kila dalili isiyoeleweka.

Saa 3:00

Mgonjwa mpya, mama wa makamo, shinikizo la damu haliteremki. Aliingia akiwa amekasirika. "Daktari, mimi sina wazimu. Nimeambiwa nije hapa kama vile ugonjwa wangu ni wa kujitakia." (Humwambia kila mmoja kwamba mimi si tabibu wa dawa, lakini jina la udaktari limeshanigandia.) Nilimwambia: "Mama, ugonjwa wako ni wa kweli na mashine imeuona. Ninachotaka kujua ni kinachouchochea."

Nikamweleza. Hatari inapotokea, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala huchochea sehemu nyingine ya ubongo, haipothalamasi, nayo huziamsha tezi zilizo juu ya figo zitoe homoni mbili. Adrenalini huongeza kasi ya moyo na kuibana mishipa; kotisoli hulisukuma ini limwage sukari katika damu. Kwa nusu saa, hayo yote ni kinga. Taabu huanza pale ubongo unapoendelea kuisoma hatari iliyokwisha kupita kana kwamba ipo, kwa miezi na miaka, mwili usipate nafasi ya kurudi katika utulivu wake. Mwaka 1993 watafiti Bruce McEwen na Eliot Stellar walieleza jinsi gharama hiyo inavyolimbikizwa katika mishipa ya damu, katika mafuta ya tumbo, katika kinga ya mwili na katika ubongo wenyewe.

Kuna njia ya pili, ambayo vitabu huipitia haraka ilhali katika chumba changu ndiyo inayojitokeza kila mara. Mtu aliyejeruhiwa nafsi huvuta sigara ili atulie, hunywa ili alale, na huikwepa hospitali. Mama huyu alikuwa amekosa miadi kadhaa. Nilipomuuliza kwa upole, alisema kwamba ule mkanda wa kupimia shinikizo unapojaa upepo na kumbana mkono, humrudisha katika mikono ya mtu aliyewahi kumshika kwa nguvu. Hakuwahi kuulizwa, naye hakuona kwamba ni jambo la kumwambia muuguzi. Tulikubaliana kwamba kuanzia sasa atajipima mwenyewe nyumbani kwa mashine ndogo, na kliniki itayapokea majibu yake. Tiba yenyewe haijaanza, lakini mgonjwa amerudi katika matibabu.

Saa 4:30

Hiki ndicho kikao kizito zaidi cha siku, nacho huchukua dakika 90. Ni kaka mmoja aliyenusurika ajali ya gari ambayo haikumnusuru abiria mwenzake. Ana kisukari, na tangu ajali hiyo sukari yake imekuwa ikipanda mwaka hadi mwaka. Daktari alimshauri atembee kwa miguu kila siku, akakubali, asitembee. Jalada lake liliandikwa kwamba hafuati maelekezo.

Sababu aliitaja katika kikao cha pili: "Moyo ukienda mbio, nahisi gari linabingirika tena." Ubongo wake ulikuwa umeunganisha mapigo ya haraka ya moyo na usiku wa ajali, kwa hiyo kila kilima, kila ngazi, kila hatua ya haraka ilikuwa ukumbusho. Hakuwa mvivu. Alikuwa anaukimbia mwili wake mwenyewe.

Tunatumia tiba ya kukabili kumbukumbu kwa muda mrefu, iliyoendelezwa na mwanasaikolojia Edna Foa. Leo alifumba macho akaisimulia ajali kwa sauti, kwa wakati uliopo, tangu taa za lori zilipojitokeza mpaka alipoisikia sauti ya mtu akimwita. Kila baada ya dakika chache nilimuuliza hofu yake iko kiwango gani kati ya sifuri na 100. Ilianza juu, ikapanda zaidi, kisha katika usimulizi wa tatu ikaanza kushuka yenyewe. Baadaye tulizungumza kuhusu sentensi moja ambayo ameibeba muda wote huu, kwamba angepunguza mwendo mwenzake asingekufa, na kwa mara ya kwanza alisema mwenyewe kwamba lori ndilo lililohama upande wake wa barabara.

Watu hudhani kwamba lengo ni kufuta kumbukumbu. Haifutiki. Kinachobadilika ni kwamba ubongo unajifunza jambo jipya: kukumbuka si kutendwa tena, na mapigo ya moyo si ajali. Ndiyo maana dakika 15 za mwisho tulizitumia katika ngazi za jengo, tukipanda na kushuka, mimi nikihema kuliko yeye. Kazi yake ya wiki ni kusikiliza usimulizi wake uliorekodiwa na kutembea mpaka moyo uende mbio, asisimame pale hofu inapoingia.

Si njia pekee. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, lilipendekeza tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe pamoja na ile ya kusogeza macho inayojulikana kama EMDR, ambayo Francine Shapiro aliitangaza mwaka 1989. Wataalamu bado hawakubaliani kuhusu kile ambacho kusogeza macho kunaongeza, ila kwamba tiba hiyo inawasaidia watu wengi hakuna shaka.

Saa 7:00 mchana

Ninatembea kidogo nje. Mwaka 2011, Kirk Erickson na wenzake walionyesha kwamba wazee waliotembea kwa mwaka mmoja waliongeza ukubwa wa hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu, kwa takribani asilimia 2, ilhali ya wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu ilipungua.

Saa 8:00 mchana

Saa ya mazoezi ya ubongo, na hapa nina msimamo mkali kidogo. Wagonjwa huja wakiuliza kuhusu michezo ya simu inayodai kunoa akili. Mwaka 2016 kampuni moja ya Marekani iliyouza michezo ya aina hiyo ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka ya serikali kuituhumu kwa kudanganya kwamba inazuia kupungua kwa akili. Mtu anayecheza mchezo huwa hodari wa mchezo huo. Sijauona ukimshusha mtu shinikizo la damu.

Zoezi ninaloanza nalo halina mvuto wa namna hiyo. Mgonjwa huvaa kifaa kidogo sikioni, hutazama mstari wa mapigo yake katika skrini, na hupunguza pumzi mpaka zifike takribani 6 kwa dakika. Katika kasi hiyo, mapigo ya moyo hupanda na kushuka sambamba na pumzi, na mfumo unaosawazisha shinikizo la damu hupata mazoezi. Mtu aliyezoea kuuogopa moyo wake huona kwa macho kwamba anaweza kuuathiri.

Kipo pia kifaa cha mrejesho wa mawimbi ya ubongo, kinachomwonyesha mgonjwa mawimbi ya ubongo wake papo hapo ili ajifunze kuyabadilisha. Historia yake inavutia: katika miaka ya 1960 mtafiti Barry Sterman aliwafundisha paka kuongeza aina fulani ya wimbi la ubongo, kisha akagundua kwamba paka hao walistahimili zaidi sumu inayosababisha kifafa. Kwa upande wa kiwewe, utafiti wa Bessel van der Kolk na wenzake wa mwaka 2016 ulitoa vikao 24 kwa watu ambao tiba za awali hazikuwatosha, na dalili za wengi zilipungua. Washiriki walikuwa 52 tu. Kwa hiyo kwangu kifaa hiki ni msaada wa pembeni, kwa mtu ambaye hawezi bado kusimulia bila kuzimia au kutoweka kimawazo. Anayeuziwa vikao hivyo kwa bei kubwa badala ya tiba ya kumbukumbu anapaswa kuuliza maswali.

Saa 10:00 alasiri

Dada mwenye jinamizi lilelile kila usiku. Anaiandika ndoto upya mchana, akiibadilisha anavyotaka, kisha anaipitia akilini kabla ya kulala. Kwa kawaida shinikizo la damu hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 usiku. Lisiposhuka, hatari ya moyo huongezeka. Kwa hiyo usingizi wake si suala la starehe.

Saa 11:00 jioni

Simu kutoka kwa mwajiri ambaye wafanyakazi wake wameshuhudia tukio la kutisha jana. Anataka niwakusanye wote wasimulie walichoona, mara moja, yaishe. Nilikataa. Kumlazimisha mtu asimulie mapema katika kikao kimoja hakuzuii madhara, na Shirika la Afya Duniani linashauri kisifanyike. Nilimshauri awape mapumziko, taarifa sahihi, na namba ya kupiga wiki zijazo.

Saa 12:15 jioni

Barua kwa daktari wa yule kaka wa ajali. Daktari aliuliza kama anaweza kuanza kupunguza dawa za kisukari, kwa kuwa mgonjwa sasa analala na anatembea. Nilimweleza kwamba kuna dalili njema: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wanajeshi wa zamani wa Marekani ulikuta kwamba ambao dalili zao za kiwewe zilipungua kwa kiasi kikubwa walipata kisukari cha aina ya pili kwa kiwango kilicho chini kwa asilimia 49 kuliko ambao dalili zao hazikupungua hivyo. Lakini watu hao walikuwa bado hawajaugua kisukari, na utafiti wa kufuatilia pekee hauthibitishi kwamba nafuu ndiyo iliyowakinga. Kuhusu moyo, ushahidi wa namna hiyo ni dhaifu zaidi.

Kwa hiyo nimeandika kwamba kipimo chake cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kirudiwe tutakapomaliza tiba, kwamba dawa zibaki kama zilivyo mpaka hapo, na kwamba maneno "hafuati maelekezo" yaondolewe katika jalada lake.