Neva ilifunguliwa, misuli ikabaki imekaza

Miaka mingi nimeendesha lori kati ya Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, na Elegu, mpakani na Sudan Kusini, na ugonjwa ulionipata ulikuwa wa kukaa. Nikiketi, moto unawaka katikati ya makalio. Nikisimama unapungua, na nikishalala usiku sisikii kitu. Kiti pekee kilichonipa nafuu kilikuwa cha choo, jambo lililowachekesha sana madereva wenzangu mpaka daktari aliponiambia kwamba hiyo ni dalili inayojulikana. Neva iitwayo pudenda hutoka chini ya uti wa mgongo, ikapita kati ya kano mbili za nyonga. Yangu ilikuwa imebanwa hapo hapo. Madaktari wa Nantes, Ufaransa, ndio walioandika vigezo vya kuutambua ugonjwa huu, na maumivu yanayozidi mtu anapokaa ni kimojawapo.

Nilipasuliwa India, kupitia kalio la kushoto. Ule moto ulianza kupoa polepole katika miezi iliyofuata, na polepole ndiyo kawaida yake, maana neva iliyoumia hujijenga kwa kasi ya karibu milimita 1 kwa siku. Kilichonisumbua ni kitu kingine. Nikiwa nyumbani Bombo, moto ukiwa umeshapungua, nilibaki na maumivu mazito ya ndani, kama ya mtu aliyepigwa rungu, kalioni na chini kabisa ya nyonga. Mama watoto akaniuliza, "Baba, si walisema wamekufungulia?" Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata Kampala kwa musawo wa viungo, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, binti mdogo kuliko kifungua mimba wangu. "Mzee," akaniambia, "neva imefunguliwa, lakini misuli haijapata habari." Akaeleza kwamba misuli ya sakafu ya nyonga, ile iliyotandazwa chini ya kibofu na utumbo, ilijikaza miaka yote ile kulikinga lile eneo linalouma, na haiachii kwa sababu tu daktari amemaliza kazi. Juu ya hapo, kufika kwenye neva kumepitia katikati ya msuli mkubwa wa kalio, na kano moja imekatwa. Kwa hiyo kulikuwa na kidonda na mkazo, vyote pamoja.

Tangu siku hiyo nikajifunza kuyatenganisha maumivu. Ya neva yanachoma, yanapiga shoti, au yanaacha ganzi. Ya misuli ni mazito, yanazidi jioni, na ukiweka kitu cha moto yanalegea. Kwangu huu ndio uliokuwa msaada mkubwa kuliko dawa yoyote, kwa sababu usiku mwingi nilikuwa silali kwa hofu tu kwamba upasuaji umeshindwa.

Musawo alinikataza mazoezi ya kukaza misuli ya chini, yale ambayo kila mtu humshauri mwenzake. Msuli uliokwisha kukaza hauhitaji kukazwa tena. Akanifundisha kupumua: unalala chali, miguu juu ya kiti, unavuta pumzi mpaka tumbo lipande, na unaacha sehemu ya chini ishuke yenyewe kama unataka kuanza kukojoa, bila kusukuma. Mwanzoni sikuhisi lolote kushuka. Wiki kadhaa baadaye nikahisi, na nikajua kumbe mchana kutwa huwa nimejibana. Pia alinibonyeza kwa ndani, kupitia njia ya haja kubwa. Wanaume hatupendi kulitaja hili, lakini nalitaja kwa sababu ndilo lililolegeza fundo lililokuwa limegoma. Aibu iliisha dakika ya kwanza.

Nyumbani nilikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu jioni, kovu lilipokwisha kupona vizuri, na mpira wa tenisi niliouegemea ukutani kwa ule upande wa nyama ya kalio, mbali na kovu na mbali na mfupa wa kukalia. Jirani alitaka kuniletea mkandaji maarufu wa mtaani; nikamshukuru, nikakataa. Kutembea nilianza kwenye njia tambarare ya murramu asubuhi, na nilikuwa narudi kabla sijachoka. Hilo la kurudi mapema ndilo gumu, hasa siku unayojisikia mzima.

Dawa ya usiku niliyopewa, amitriptilini, ilinisaidia kulala lakini ilinifungia choo, na kusukuma ni adui wa misuli hiyo. Papai, mboga ya dodo (mchicha) na maji mengi vikawa sehemu ya matibabu. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kulinivuta kalio lililopasuliwa, basi seremala akanitengenezea kiti cha mbao chenye tundu.

Swala nayo ilikuwa na mambo yake. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali kwa kukaa. Mimi nikawa mgonjwa anayeomba ruhusa ya kutokaa. Kusujudu kulinipumzisha kabisa, nyonga yote ikifunguka, lakini kikao cha tahiyatu kilikuwa mateso. Shehe akaniambia nifanye ninavyoweza, nami nikawa naisoma nimepiga magoti, makalio hayagusi visigino.

Na kiti cha lori? Mto wa duara nilioletewa ulinibana pembeni. Fundi wa viti akakata sponji ya godoro kwa umbo la herufi U, nyuma wazi, uzito ukaangukia mapajani na katikati pakabaki hewa. Kwenye taksi ya kwenda Kampala naukalia huo huo, na konda akilalamika kwamba nachukua nafasi nalipa viti viwili. Boda boda bado sipandi.

Tajiri wangu alitaka nirudi safari nzima ya Elegu. Tulivutana, tukaelewana kwamba naendesha mpaka Migyera, njiani, nanyoosha mwili na kupumua vizuri, kisha mwenzangu anashika usukani hadi mpakani. Siku nyingine baada ya matuta ya barabarani kalio hunikumbusha, nami nabaki na beseni langu hadi kesho yake. Fundi wa viti, kwa upande wake, amepata biashara: madereva ambao hawajawahi kuumwa neva yoyote wanamwomba awakatie sponji ya U, eti inapumzisha mgongo.