Jinsi tulivyouamsha utumbo wa mwanangu

Mwanangu alikuwa mchanga bado utumbo ulipojisokota. Daktari wa upasuaji alikata sehemu iliyokufa, akaacha matundu mawili tumboni: la juu likitoa choo cha majimaji, la chini limekauka. Alichonyonya kilimwagika kwenye mfuko uliobandikwa tumboni hata kabla hajalala. Mbavu zikahesabika.

Hapa Kisumu kila mtu ni daktari. Shangazi akaniamuru nimnyime maziwa ili utumbo upumzike. Jirani akamletea juisi, ati irudishe maji mwilini. Mpaka leo inanikera! Sukari nyingi huvuta maji yaingie utumboni. Siku hiyo mfuko ulijaa tukaumwaga mara kwa mara. Maji matupu nayo hayarudishi chumvi inayopotea. Kilichomshika ni ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, kijiko kwa kijiko, kwa kipimo cha daktari.

Utumbo mwembamba wa mtoto anayezaliwa akiwa ametimiza miezi yake una kama mita 2.5, na unaobaki hurefuka na kupanuka ukipitiwa na chakula. Mwaka 1968 madaktari wa Philadelphia walichapisha habari za mtoto aliyekua kwa lishe ya mshipani pekee. Dripu hiyo kwetu ilikuwa maelfu kwa siku, haikudumu.

Ndipo sista wa wodi akanionyesha jambo ambalo sitalisahau: kinachotoka juu, kirudishe chini. Tulikivuta kutoka mfukoni kikiwa bado kibichi, tukakichuja, tukakipitisha kwa mpira mwembamba aliokwisha kuuingiza daktari. Mara ya kwanza tulisukuma kwa bomba la sindano, kikarudi chote, mtoto akalia hadi sauti ikakauka. Sista akachomoa kisukumio, akaliinua bomba juu kidogo ya kitanda, akakiacha kishuke chenyewe, tone kwa tone. Kikaingia! Nililishika bomba hilo usiku kucha, mkono ukafa ganzi, sikulishusha. Usijaribu nyumbani bila kufundishwa, maana mpira unaweza kutoboa utumbo.

Siku moja nikafungua nepi nikakuta choo, kimepita njia yake. Nilipiga vigelegele wodi nzima ikaamka. Uzito ukaanza kupanda, na baadaye matundu yakafungwa.

Ngozi ya tumbo ilipona kwa krimu ya zinki. Sasa anakula uji na samaki. Sehemu iliyokatwa ndiyo ya mwisho ya utumbo mwembamba, inayofyonza vitamini B12, kwa hiyo sindano zake hatuziruki.